MBWA WA MBEGA NA BUSTANI ZA BANDARINI

Ziko desturi mbili ambazo watu wa mwambao na watu wa milima ya Usambara walikuwa nazo tangu zamani, kila moja mahali pake, nazo hazikupata kukutana mpaka wageni kutoka Ulaya walipozifunga pamoja kwa ukanda mmoja wa ngozi. Desturi ya kwanza ni kupunga upepo. Baada ya sala ya alasiri, jua lipunguapo ukali, mtu wa pwani hujitia kanzu safi akashuka ufukoni, akatembea taratibu na rafiki yake, akaketi juu ya ukuta wa forodha au ubavuni mwa mtumbwi uliopandishwa mchangani, akazungumza, akarejea nyumbani kabla ya magharibi. Desturi ya pili ni kutoka na mbwa. Msasi wa bara aliamka alfajiri, mkuki begani, mbwa wake wamevishwa njuga, akaingia porini kutafuta nyama. Wa kwanza alitembea pasipo mbwa, na wa pili hakutembea kwa starehe. Leo mtu wa Tanga aonapo mwingine akimwongoza mbwa kwa kamba kandokando ya bahari huko Raskazone, karibu na Hoteli ya Mkonge, husema mara moja kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo nitakayo kuitazama katika kurasa hizi, maana ndani yake imo habari ya nani aliruhusiwa kutembea wapi, na nani alipaswa kupisha njia.

Wanafunzi wetu hupenda kuanza historia ya jambo kama hili bandarini, kwa kuwa bandarini ndipo penye maandishi. Mimi naona yafaa tuanze mbali kidogo, Mashewa. Mashewa ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mahali palipo kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki, juu ya njia itokayo Korogwe ya zamani, ikapita Magoma, ikaendelea mpaka Bombo Mtoni na kushukia Mabokweni, mlangoni mwa Tanga. Ni nchi ya mahindi na mihogo, na palipo mahindi na mihogo kando ya msitu, pana nguruwe mwitu. Mkulima wa nchi hiyo anajua kwamba kundi la nguruwe likiingia shambani usiku mmoja laweza kumaliza kazi ya miezi. Silaha yake ya kale dhidi ya adui huyo ni mbwa. Hapa hatuna habari ya mbwa wa kupambia ua wala mbwa wa kutembezwa. Tunaye mbwa aliye sehemu ya kilimo, kama jembe lilivyo.

Tena nchi hiyo imo katika njia ya habari mashuhuri kuliko zote za Usambara, yaani habari ya Mbega. Imepokewa kwamba Mbega alizaliwa Nguu, katika milima ambayo kwa muda mrefu ilikuwa chini ya Wilaya ya Handeni mpaka Wilaya ya Kilindi ilipotengwa mwaka 2002. Alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa mila za siku hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Wazazi wake walimficha asiuawe, lakini alipokuwa mtu mzima ndugu zake walimnyima urithi wake. Akaondoka, akaenda Kilindi na mbwa wake, akafanya urafiki na kijana wa mkubwa wa nchi. Walipokuwa wakiwinda pamoja kijana yule akafa, na Mbega akakimbia tena. Akavuka Mto Ruvu, ambao pia huitwa Pangani, akapanda milima ya Usambara, akaishi porini kwa nyama ya nguruwe aliowaua kwa mkuki, akiwa na mbwa wake na kiongozi wao aliyeitwa Chamfumu. Wasambaa walipouona moshi wake walimwendea. Wao walikuwa na vyakula vya shamba, yeye alikuwa na nyama, wakabadilishana. Aliwaondolea nguruwe mashambani, akawaamulia magomvi, akaua simba, na mwisho wakamfanya mfalme. Nasaba yake ni Wakilindi, na mji wao mkuu ulikuwa Vugha.

Basi tazama jambo hili. Ufalme ambao mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliutawala katika karne ya kumi na tisa mpaka nguvu yake ikafika pwani, ufalme ambao Krapf aliuzuru mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na Burton na Speke mwaka 1857, uliingia milimani nyuma ya mbwa. Mataifa mengi yana mwanzilishi aliyekuja na upanga, au na kitabu, au na jahazi. Usambara ilimpokea mwanzilishi aliyekuja na kundi la mbwa, na hakuna aliyeona haya kulisimulia jambo hilo. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, aliisoma habari hii kama picha ya mtu wa pori anayeingizwa nyumbani kwa njia ya nyama na chakula. Tafsiri yake ina uzito. Lakini mimi nadhani aliwapa mbwa nafasi ndogo kuliko wanayoistahili, kwa sababu katika hadithi hiyo mbwa ndio wanaouvuka mpaka wa kwanza kati ya pori na kiambo. Wao hutangulia, na bwana wao hufuata nyuma.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi kwetu sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili. Habari hii hatukuipata kwanza kwa lugha ya Kisambaa, wala kwa Kijerumani, wala kwa Kiingereza. Tuliipata kwa Kiswahili, katika *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliyopigwa chapa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907, ikachapishwa tena mwaka 1962. Mwandishi alikuwa Mwislamu, mtu wa adabu za mwambao. Walakini aliwaandika mbwa wa Mbega kwa heshima, akamtaja mkubwa wao kwa jina kama vile mtu atajavyo askari hodari. Hakuwatukana, wala hakuomba radhi kwa kuwataja. Wanaofikiri kwamba kalamu ya pwani haikujua kumwandika mbwa ila kwa tusi wangefanya vyema kukisoma tena kitabu hicho.

Ni kweli kwamba tusi lilikuwako na bado liko. Kumwita mtu mbwa ni kumshusha, na mbwa koko ni jina la mtu asiye na kwao. Chanzo cha mwepuko wa watu wa pwani kinajulikana. Wao kwa wingi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo si ukuta usio na mlango. Wamaliki, walio wengi katika Afrika ya Kaskazini na ya Magharibi, hawamhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Kurani yenyewe yahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na katika Sura ya Pango vijana waliolala miaka mingi walikuwa pamoja na mbwa wao mlangoni. Katika Hadithi imepokewa ruhusa ya kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na imepokewa pia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mkulima Mwislamu wa Mashewa amfugaye mbwa ili kuwafukuza nguruwe hafanyi uasi. Afanya lile lililo wazi katika mafundisho aliyopewa. Kinachokosa ruhusa hiyo ya wazi ni mbwa asiye na kazi, na hapo ndipo tunaporudi bandarini.

Pwani ilikuwa na methali yake: mbwa hafi maji aonapo ufuko. Aliyeitunga aliwahi kumtazama mbwa akiogelea, akamwonea huruma, akamsifu kwa kutokata tamaa. Kwa hiyo ufuko wa Waswahili haukuwa tupu pasipo mbwa. Ila mbwa huyo hakuwa na kamba, wala mtu hakumwita kwa jina la kigeni.

Wajerumani walipoifanya Tanga kuwa mwanzo wa reli ya Usambara mwaka 1893, mwaka ule ule ambao Richard Hindorf alileta miche ya mkonge na kupona miche sitini na miwili tu, mji ulianza kupata sura mpya. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na wakati huo huo iliukata mji sehemu mbili. Upande wa bahari zilikaa ofisi, hoteli, hospitali na nyumba za wakubwa, zikanyoosha mkono mpaka Raskazone. Upande wa pili wa reli ulikaa mji wa Ngamiani, wenye barabara za nambari zilizonyooka kama mistari ya daftari, na humo wakaishi Waafrika. Ufuko uliokuwa wa kila apendaye kupunga upepo ukawa mbele ya nyumba za watu wachache. Hapakuwa na haja ya kupiga marufuku. Mtu akipita mahali ambapo kila mlango ni wa bwana na kila ua una mbwa, mwenyewe hufupisha matembezi yake.

Ardhi hiyo ya matembezi ina damu pia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 majeshi ya Uingereza kutoka Bara Hindi yalianza kushuka Raskazone, watu wapatao elfu nane, wakidhani watautwaa mji kwa urahisi. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu elfu moja hivi, walio wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 4 palipiganwa mpaka kati ya nyumba za mji na kwenye hoteli karibu na bandari, nyuki wakaondoka mizingani wakawashambulia wapiganaji, na tarehe 5 Waingereza wakarudi merikebuni wakiacha silaha na maiti. Mtu anayetembea leo chini ya miembe ya upande ule atembea juu ya uwanja wa vita. Vibao vya kumbukumbu ni vichache, na makaburi yaliyoko hayawataji wote.

Mfano wa Dar es Salaam waonyesha jambo lile lile kwa herufi kubwa zaidi. Huko bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893, na Hoteli ya Kaiserhof, iliyokuja kuitwa New Africa, ikafunguliwa mwaka 1906 hatua chache kutoka bandarini. Mgeni aliyelala hotelini aliweza kutoka asubuhi akafuata ufuko wa bandari, akapinda kuelekea Barabara ya Bahari, akarudi kwa njia ya bustani, na muda wote asiondoke katika mji uliopangwa kwa ajili yake. Nyuma ya mji huo waliacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja, nao katika mipango ya Waingereza ya miaka ya 1920 ulikusudiwa kuwatenga Wazungu na Wahindi upande mmoja na Waafrika wa Kariakoo upande wa pili, kwa hoja ya afya. Nataka wanafunzi wazingatie hapa: tumezoea kuiona bustani kuwa zawadi kwa mji, na mara nyingine ndivyo ilivyo, lakini uwanja wa Mnazi Mmoja ulipendwa na wapimaji kwa sababu ulikuwa mpaka. Majani yake yalifanya kazi ya ukuta. Kwamba baadaye watu waliufanya kuwa uwanja wa mikutano na wa sherehe ni sifa yao wenyewe, wala si ya waliouchora.

Unguja ilikuwa tofauti kidogo. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka ishirini na mitano ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Ikawa tangu mwanzo mahali pa familia, watoto na wauza vyakula, na ilipotengenezwa upya hadi mwaka 2009 tabia hiyo haikubadilika. Mbwa huko ni wachache na mtu mwenye adabu hawapeleki kwenye mkusanyiko wa watu wanaokula, maana wengi wanaoketi pale watataka kusali baada ya muda mfupi. Mombasa, njia ya ufukoni iliyoitwa Azania Drive ikaja kuwa Mama Ngina, na baada ya ukarabati wa mwaka 2019 ni bustani kubwa ya umma inayotazama mlango wa bandari. Huko, jioni za Jumapili, wapo wenye mbwa na wapo wenye madafu na mihogo ya kukaanga, na kila upande humtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Ama mbwa wa mlowezi, huyo alikuwa mtumishi wa namna mbili. Ndani ya nyumba alikuwa rafiki. Karen Blixen, aliyeishi Kenya toka mwaka 1914 mpaka mwaka 1931, aliwaandika mbwa wake warefu wa Uskochi kwa mapenzi ambayo msomaji hawezi kuyatilia shaka. Langoni alikuwa askari. Ushahidi wa askari huyo bado umetundikwa juu ya malango yetu: kibao cha MBWA MKALI. Kibao hicho nakiona kuwa hati ya historia iliyo bora kuliko nyingi zilizofungiwa makabatini. Hakikuandikwa kwa lugha ya mwenye nyumba. Kiliandikwa kwa lugha ya yule aliyeonywa. Rafiki wa bwana alikuja kwa miadi na mbwa akafungwa; onyo lilikuwa la mpita njia, mtafuta kazi, muuza samaki. Na katika Kenya kibao hicho hata leo husomeka MBWA KALI, pasipo upatanisho wa kisarufi. Nimewasikia wenzangu wakilicheka kosa hilo. Mimi naliona kuwa alama ya Kiswahili cha amri, kile ambacho mlowezi alijifunza kwa ajili ya kuagiza maji ya moto na kufukuza watu, na ambacho hakikuhitaji viambishi.

Tena kuna mtu ambaye picha za siku zile humwacha ukingoni. Mwenye mbwa hakumtembeza siku zote mwenyewe. Alimpa kazi hiyo mtumishi wake, mara nyingi mtu aliyetoka bara kutafuta mshahara, huenda kutoka milima ile ile ambako babu yake aliwinda na mbwa. Mtu huyo aliruhusiwa kupita njia ya ufukoni mbele ya nyumba za wakubwa saa yoyote, kwa sababu alikuwa ameshika kamba. Akiwa peke yake angeulizwa anatafuta nini. Mbwa alikuwa na kibali cha mji na kibati shingoni, na kibali hicho kilimfunika pia mtu aliyekuwa nyuma yake. Sijui dhihaka kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa nchi ya Mbega. Mbega aliingia Vugha na mbwa akapewa kiti, na mjukuu wa raia zake aliingia Raskazone na mbwa ili asifukuzwe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 njia hizo zilifunguliwa kwa wote, na majina yenyewe yatangaza hivyo: Tanga ina Bustani ya Uhuru na Bustani ya Jamhuri, na hii ya pili yatazama bandari na kisiwa cha Toten. Watu wa Ngamiani huvuka reli jioni wakaja kupunga upepo pasipo kuulizwa. Lakini mbwa hakupata uhuru wake katika fikira zetu. Aliachwa upande wa mkoloni, kana kwamba aliletwa naye merikebuni. Wenye majumba mapya walirithi malango pamoja na vibao, na mlinzi wa usiku akarithi kamba. Kwa hiyo ubishi unaosikika mara kwa mara kuhusu mbwa katika bustani za umma hugeuka kuwa ubishi wa tabaka: mwenye mbwa huonekana mwenye kiburi, na amkwepaye mbwa huonekana mshamba. Hukumu zote mbili ni za kivivu. Mcha Mungu aogopaye kutiwa najisi kabla ya sala ana haki ya kuketi juu ya majani pasipo kurambwa, na mwenye mbwa aliyefungwa kamba ana haki ya njia. Bahari ina ufuko mrefu. Maji yakitoka huacha mchanga wa kutosha kwa wote wawili, na saa ya alfajiri, kabla ya waogeleaji, haina mgombea.

Iko hofu moja isiyo ya kitabaka, na hiyo yastahili kusikilizwa kuliko nyingine, yaani kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikisha kutokea karibu kila mara huua. Chanjo ya Pasteur ya mwaka 1885 ilifungua njia ya kumwokoa aliyeumwa, iwapo jeraha litaoshwa kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano na mtu akimbizwe kupata sindano. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa saba katika kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Wanaofikiwa kwa shida si mbwa wa Raskazone wenye daktari na kitabu cha chanjo. Ni mbwa wa wakulima, wa nchi kama Mashewa, ambao hulala nje, huwinda kwa kundi na hukutana na wanyama wa msitu. Na madhara hayaishi kwa binadamu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa jamii ya mbwa, distempa, uliua simba wapatao elfu moja katika Serengeti, theluthi moja hivi ya wote. Huko Mkomazi, kaskazini ya milima yetu, ambako mbwa mwitu walifugwa ili kizazi chao kisipotee, maradhi hayo mawili yalikuwa miongoni mwa maadui waliohofiwa. Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na katika hifadhi za taifa za Tanzania mnyama wa kufugwa haruhusiwi kuingia. Chamfumu angezuiwa langoni.

Kisiwa cha Pemba chatupa mfano ulio wazi kuliko wote. Kampeni za kuwachanja mbwa ziliukatiza ugonjwa kisiwani, watu wakaanza kusahau. Mwaka 2016 ukarudi. Watafiti walipofuatilia walioumwa, mmoja baada ya mmoja, na kuchunguza vinasaba vya virusi, walitambua kwamba haukuzuka mchangani. Uliletwa kutoka nje ya kisiwa, maana yake ulivuka bahari ndani ya chombo pamoja na mbwa ambaye mtu alimpakia. Chanjo ikarudiwa kijiji kwa kijiji, na kufikia Oktoba mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umeondolewa tena. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wa bandarini na wa madiko: kumwuliza kila nahodha ashushaye mbwa kama mbwa huyo ana cheti.